Meza ya Marehemu Pale Adams

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiuzulu! Kikundi chetu cha wachuuzi wa barabara ya Tom Mboya sasa kitajua kimepoteza nini. Mwenyekiti wetu Millicent, yule muuza leso, alituita asubuhi kwenye kibanda cha chai akatusomea sheria mpya ya kaunti kuhusu uchuuzi. Kuanzia wiki ijayo hakuna kutandaza bidhaa kando ya barabara. Kila kikundi kitapewa vibanda katika uchochoro ulio nyuma ya maduka. Msajili atakuja Jumatano ya wiki ijayo. Asiye kwenye kikundi hana kibanda. Asiye na kibanda akionekana barabarani na gunia lake, kanjo, wale askari wa kaunti, watalibeba gunia pamoja na yeye.

Nikasimama. Nikasema wakati kama huu unahitaji kiongozi mpya, mtu wa kuona mbali, na kwamba kwa bahati nzuri mtu huyo alikuwa amesimama mbele yao. Tukapiga kura kwa kuinua mikono. Nilipata kura moja. Ilikuwa yangu. Kihara, yule mrefu wa miavuli, alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Basi nikatoka. Nikawaambia wafute jina langu. Nikajitoa kwenye grupu ya WhatsApp na nikazifungia namba zao zote. Mimi! Nimeuza soksi mjini tangu sijaoa. Mimi ndiye niliyewaonyesha kupitisha kamba kwenye pembe nne za gunia, ukivuta mara moja bidhaa zote zinajifunga, na wewe uko mbioni kabla kanjo hajashuka garini. Leo kila mchuuzi wa mji huu anatumia kamba hiyo. Shukrani? Hakuna.

Phoebe, mke wangu, amesema nirudi kesho niombe msamaha. Ameuliza bila kibanda nitauza soksi wapi, na tutakula nini. Nimemwambia kila sheria ina mlango wa nyuma. Amesema mlango wa nyuma ndio huo uchochoro. Mwanamke huyu haelewi siasa.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimeenda mtaa wa Karen. Nilikuwa nimepiga hesabu vizuri: matajiri wana miguu, miguu inataka soksi, na kanjo wana shughuli zao mjini. Kosa moja tu. Karen hakuna anayetembea. Nimezunguka kutwa kando ya nyua za michongoma nikiwaita watu walio ndani ya magari yenye vioo vilivyofungwa. Mama mmoja alishusha kioo. Nikakimbia. Akaniuliza kama najua kukata nyasi.

Askari wa geti moja alinihurumia, akanunua jozi na kunipa maji. Mbwa wa geti la pili alichukua soksi moja bila kununua. Ile iliyobaki nimeileta nyumbani. Phoebe ameuliza ni ya nini. Nimemwambia huenda mbwa akabadilisha mawazo.

Jumatano, 5 Machi

Mungu hamtupi Dalmas! Nilikuwa narudi kwa miguu kutoka Karen tena, nimekata tamaa kabisa, nikapita karibu na Jamhuri. Kando ya barabara kulikuwa na mama wawili wa matunda, kijana wa miwani, na meza ya matanga. Zile meza zetu za kawaida: kitambaa cheupe, maua, picha kubwa ya marehemu, na bakuli la mchango wa mazishi. Ghafla gari la kanjo. Matunda yakatawanyika. Kijana wa miwani akaruka mtaro. Lakini pale kwenye meza ya marehemu, hakuna aliyeguswa! Kanjo mmoja alivua kofia. Mwingine alitia kitu kwenye bakuli akasema pole kwa msiba.

Nilisimama pale nikitetemeka kwa furaha. Mtu mmoja alidhani nimefiwa, akanishika bega.

Sheria inasema usiuze kando ya barabara. Haisemi usiomboleze kando ya barabara. Na kitambaa cha meza kinafika chini kabisa. Chini ya meza kunaingia soksi nyingi sana.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo la picha. Nimelifikiria asubuhi nzima. Kutumia picha ya mtu aliyekufa ni kuchokoza wafu, na mimi wafu siwataki. Kutumia picha ya mtu aliye hai ni kumtakia mabaya, na mimi si mtu mbaya. Nikaona njia moja tu ya haki. Nimetumia yangu.

Ni ile niliyopigwa kwenye harusi ya binamu yangu, nikiwa na suti ya kuazima. Nilimpelekea yule wa studio nikamwomba aikuze tu. Akaniangalia, akaangalia picha, akasema ameelewa, nimwachie. Nilipoirudia alikuwa ameweka mawingu, njiwa wawili, na maneno Pumzika kwa Amani. Akaniambia tumefanana sana na marehemu. Nikasema ni pacha wangu. Akakataa malipo ya yale mawingu.

Nimeificha chini ya kitanda. Phoebe akiiona nitahitaji mawingu ya kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Nimeweka meza pale Adams, karibu na kituo cha bodaboda, mbali kabisa na watu wa mjini wanaonijua. Nimevaa kofia iliyoshuka mpaka machoni na miwani myeusi, ambayo mfiwa yeyote anaruhusiwa. Mwenye boda mmoja, Nzuki, ndiye pekee anayejua kuwa marehemu ni mimi. Malipo yake ni soksi, na kazi yake ni kuwanong'onezea abiria wake kuhusu soksi, kuangalia meza nikiondoka na kujibu maswali kwa huzuni.

Mteja anakuja, anainamisha kichwa, anasema pole kwa msiba, nyeusi, saizi kubwa. Naingiza mkono chini ya kitambaa. Tunashikana mikono. Soksi imepita. Kufika saa saba wateja walikuwa wakija wenyewe. Gari la kanjo lilipita mara mbili, likapunguza mwendo kwa heshima.

Shida ni wanaotoa mchango kweli. Siwezi kula pesa ya maiti, hasa maiti akiwa mimi. Kwa hiyo kila anayetia kitu kwenye bakuli namwekea jozi mfukoni. Mzee mmoja alishangaa sana. Nilimwambia ni mila za kwetu.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nusura niharibikiwe, lakini nimeokoka. Mchana nilienda kula chapati na madondo. Niliporudi Nzuki akaniambia kuna mtu alikuja, akaitazama picha, akaketi kwenye ukingo wa barabara akalia kama mtoto. Kisha akapiga meza picha na simu yake. Aliuliza kama ni kweli. Nzuki akasema ni kweli. Akauliza alikufa na nini. Nzuki hakuwa ameandaliwa kwa swali hilo, akasema tumbo.

Tumbo! Vifo vyote duniani, mtu ananichagulia tumbo! Nilimwambia Nzuki kesho iwe ajali, au angalau moyo. Nikamuuliza alikuwa mtu wa namna gani. Akasema mtu mrefu mwenye miavuli kwapani.

Nairobi ina watu warefu wengi wenye miavuli.

Jumapili, 9 Machi

Alikuwa Kihara.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula. Simu ya Phoebe ikalia. Alikuwa Millicent, analia kiasi kwamba hata mimi nilimsikia kutoka upande wa pili wa meza. Phoebe alisikiliza. Akaniangalia. Nilikuwa nimeshika tonge. Akaendelea kuniangalia kwa muda mrefu, jinsi anavyoangalia maziwa yaliyoganda. Mwishowe akasema asante, akakata simu, akaniuliza kwa upole kabisa ni lini nilikufa.

Nimeeleza kila kitu. Nimetoa picha chini ya kitanda. Alipoona njiwa, alienda nje akasimama huko. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Nilidhani ni hasira, na nusu yake ilikuwa hasira. Akasema kwao mtu haweki uso wake kwenye maua ya kifo, hata kwa mchezo. Akasema alipomsikia Millicent analia, kwa sekunde moja alinitafuta kwa macho, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake. Nilimwongezea mboga.

Sasa jambo lenyewe. Kikundi kimekutana. Kwa heshima ya marehemu, kibanda nilichokuwa nipate kitapewa mjane. Jumanne watakuja kwetu kuomba na kuleta mchango. Jumatano mjane aende akasajiliwe.

Phoebe alitaka kupiga simu papo hapo aseme ukweli. Nikapiga magoti. Nikamwonyesha jinsi mambo yalivyo: Dalmas aliye hai alijiuzulu, hana kikundi, hana kibanda, hana pa kuuzia hata soksi moja. Dalmas aliyekufa ana kibanda. Siku tatu tu za kufa, na familia ina mahali pake mjini maisha yote! Amefikiri. Amesema hatasema nimekufa, na hatasema niko hai, na kama nitafurahia jambo hili hata kidogo ataniua yeye mwenyewe.

Mwanetu Clifford yuko shule ya bweni na hana simu, kwa hiyo huko ni salama. Mama yangu nimempigia nyumbani, nikamwambia akisikia nimefariki asiamini. Aliuliza napiga kutoka wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Kufa ni kazi ngumu. Siwezi kutoka nje. Siwezi kukohoa. Nilijisahau nikaimba nikiosha vyombo, na jirani yetu Lornah akaja mlangoni kuuliza kama Phoebe ana mgeni. Phoebe alisema ni redio. Lornah akasema hiyo redio inaimba vibaya.

Nzuki amerudisha meza. Anasema wateja wa soksi waliuliza mazishi yatakuwa lini.

Jumanne, 11 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Walikuja jioni, karibu wote. Chumba chetu kimegawanywa na pazia, kitanda upande mmoja na viti upande mwingine. Mimi nilikuwa upande wa kitanda, nimelala chali, sipumui sana. Phoebe alikaa mbele, ameinamisha kichwa, na kila aliyempa pole alimjibu kwa kusema ni Mungu tu anajua. Uongo hakusema hata mmoja. Nilijivunia.

Waliomba. Waliimba. Wakala chapati zetu. Kisha Millicent akasimama. Nilijiandaa kusikia maneno ya kawaida ya matanga, alikuwa mpole, alikuwa mcheshi. Akasema hivi:

"Dalmas alikuwa mtu wa kelele, na hiyo hakuna mwenye atakataa. Lakini siku kanjo walibeba vitu zangu zote, ni yeye alinipatia nusu ya gunia yake. Akaniambia niuze, nisiulize maswali. Watoto wangu walikula hiyo siku. Na hakuwahi kunikumbusha."

Hapo ndipo nilipouma mto. Nilikuwa nimesahau kabisa habari hiyo. Machozi yalinitoka mpaka masikioni, maana nilikuwa chali. Nilitaka kutoka nimshike mkono mwanamke yule. Peres wa mahindi naye akasema bila kelele zangu barabara itakuwa kama kanisa la Jumatatu. Mwingine akasema mimi ndiye niliyekuwa nikipiga mluzi wa kwanza kanjo wakitokea, hata kama ilimaanisha nikimbie wa mwisho. Kumbe waliniona. Miaka yote hiyo, kumbe watu walikuwa wananiona. Moyo ulinijaa nikasema, Dalmas, ukitoka katika jambo hili utakuwa mtu mwingine.

Kisha Kihara akasimama. Alianza vizuri. Alisema alicheka siku ya kura na kwamba kicheko hicho kitamsumbua mpaka kaburini. Nikamsamehe palepale. Angeketi, leo ningekuwa bado marehemu. Lakini akapangusa macho akaendelea:

"Na hiyo maneno ya kamba kwa gunia. Watu hufikiri ni Dalmas alianza. Wacha leo niseme ukweli mbele ya Mungu. Ni mimi nilimfunza."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka pazia likiwa kichwani na mimi nikiwa katikati ya chumba nimevaa fulana na soksi.

"Kihara, kamba ni yangu!"

Kilichofuata kilikuwa kelele tupu. Peres alipita dirishani akiwa bado ameshika sahani. Watu wawili walianza kukemea pepo, mmoja kwa Kiluhya na mwingine kwa Kikuyu, na kwa kuwa pepo hakuondoka walizidisha sauti. Kihara alikuwa chini ya kiti, miguu yake yote nje. Phoebe alifunika uso, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka, na sijathubutu kuuliza.

Millicent peke yake hakukimbia. Alikuja mpaka mbele yangu. Akanigusa shavu kwa kidole, akaona ni nyama. Akanizaba kofi. Akanikumbatia kwa nguvu, mpaka nikahisi moyo wake ukipiga. Kisha akaniachilia akanizaba lingine.

Nilieleza. Karen, Jamhuri, mawingu, tumbo, yote. Nilipofika kwenye kibanda nilisema nisamehewe, nilijua nimejifukuza mwenyewe, na kufa ndiyo njia iliyobaki ya kupata mahali. Walionisikiliza walikuwa wachache, wengine walikuwa bado wanarudi kutoka barabarani. Millicent akaketi. Alionekana amechoka ghafla.

"Jina yako sikufuta, Dalmas. Hiyo siku ulitoka na hasira nilijua utarudi. Ilikuwa tu hapo. Nimeitoa jana, nikaweka ya Mama Clifford. Nilikuwa nalia nikiitoa."

Kwa hiyo nilikuwa na kibanda. Wakati wote huo nilikuwa nacho! Nikitangatanga Karen nacho, nikilia kwenye meza ya Adams nacho. Nilikaa kwenye kitanda changu mbele ya watu wote, pazia shingoni. Kihara alitoka chini ya kiti akanipa kikombe cha chai. Kuhusu kamba hakubadilisha msimamo wake.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda kwenye usajili na Phoebe. Nilisimama kwenye foleni nikiwa nimenyoa ndevu na kuvaa suti, niliyoiazima tena, ili nionekane hai zaidi. Msajili ni dada mmoja mwenye adabu. Nilimweleza kwamba habari za kifo changu zilitiwa chumvi. Akasema anafurahi kusikia hivyo. Nikasema basi nipewe kibanda changu. Akasema vibanda vyote vya kikundi vina wenyewe, na sheria haimruhusu kuongeza hata kimoja, nijaribu mwakani. Nikasema mwakani ni mbali. Akasema kwa mtu aliyefufuka jana, mwaka si kitu.

Phoebe amepata kibanda cha mwisho upande wa kulia, penye kivuli. Alipoitwa jina lake kamili mbele za watu alinyoosha kitambaa cha kichwa, akatembea kama bibi harusi. Sijawahi kuona uso wake ukiwa hivyo. Nilipiga makofi peke yangu mpaka askari akaniangalia.

Kikundi kimekataa kurudishiwa mchango wa mazishi. Wamesema pesa za matanga hazirudi nyumbani. Zitanunua turubai la kufunika uchochoro wote, mvua zikianza. Kihara amelalamika kwamba turubai litaharibu soko la miavuli, na hakuna aliyemjali.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya kwanza kibandani. Phoebe ameweka chapati mbele na soksi zangu kwenye kona ya chini, nyuma ya sufuria. Anauza huku ameketi! Mteja anachagua, anauliza, anajaribu, hakuna anayekimbia. Mimi miguu yangu bado inasikiliza. Kila gari likipiga honi nashtuka, nashika kamba ambayo haipo. Millicent ameniona akaniambia nitazoea.

Mapato yamekuwa mazuri na Phoebe amenunua nyama. Nimeshukuru kwa moyo wote. Lakini ukweli ni kwamba kibanda ni chake. Watu wanauliza Mama Clifford yuko wapi. Mimi wananiita yule wa kubeba maji. Mtu anahitaji mahali pake mwenyewe, hata padogo, pa kusimama na kupiga kelele zake.

Na leo nikienda kuchota hayo maji nimepita kwa mhubiri wa kona ya juu. Ana kipaza sauti, ana ndoo ya sadaka, amezungukwa na watu. Gari la kanjo likaja. Nikashika pumzi. Wakamwomba apunguze sauti kidogo, wakaenda zao!

Sheria inasema usiuze kando ya barabara. Nimeisoma tena, neno kwa neno. Haisemi lolote kuhusu kuhubiri. Na waumini wakisimama kwenye zege tangu asubuhi miguu inawapoa. Nimemgusia Kihara jambo hili kwa sauti ya chini. Kwanza alikataa kabisa. Halafu akauliza kama kutakuwa na ubatizo, maana ubatizo unahitaji miavuli. Tumekubaliana tuanze Jumatatu pale Adams. Safari hii hakuna anayekufa, kwa hiyo hakuna kitakachoharibika.

Phoebe ananiuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimemwambia nafurahi tu kuwa hai. Amenishika mkono, akaniongezea kipande cha nyama kutoka sahani yake.